Kifusi Ndani ya Mrija

Ijumaa, 14 Machi

Daktari,

Sikusalimu. Salamu ni dua, na mimi leo sina dua ya kukuombea.

Mdogo wangu wa pekee, yule fundi mwashi ambaye hadi leo anakuita shemeji ingawa mimi na wewe tuliachana miaka tisa iliyopita, yuko kitandani. Jumanne alianguka kazini akitetemeka kwa homa chini ya jua la saa sita. Hospitali aliyokimbiziwa (si yako, nashukuru) ilimpiga picha, na unajua wamekuta nini? Jiwe la figo ulilolipasua kwa mtambo wako wa mawimbi tarehe sita Februari halijatoka. Limevunjika, ndiyo. Vipande vimeteremka kutoka kwenye figo, vikajipanga kimoja nyuma ya kingine ndani ya mrija uendao kwenye kibofu, vikauziba. Mkojo umerudi nyuma, figo imevimba na kutunga usaha. Wamemtoboa mgongoni kumwaga huo usaha. Wakishatuliza homa ndipo watamwingiza kamera kuvitoa vipande. Kama figo itapona, hawajui.

Na tarehe ishirini Februari wewe ulimpa barua: "Amepona, arudi kazini." Hukumpiga picha hata moja. Ulitazama nini, Daktari? Paji la uso?

Hujabadilika. Unatia sahihi kama mtu anayefukuza nzi. Hata hati yetu ya talaka uliisaini huku unaongea na simu, na wakili ndiye aliyekuonyesha kwamba umesaini mahali pa shahidi.

Sasa sikia. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu maneno ya simu hukanwa. Nakupeleka kwenye kamati ya nidhamu ya madaktari. Sitakuacha mpaka kibao chenye jina lako king'olewe mlangoni, na siku hiyo nitakuja mwenyewe kushika bisibisi.

Mtalaka wako

*

Jumatano, 19 Machi

Bibi Pilipili,

Nikuite hivyo, kama wanavyokuita wasomaji wa safu yako ya gazetini. Naona hasira bado inakukaa vizuri.

Pole kwa mgonjwa. Nampenda yule kijana, na yeye anajua. Lakini ukweli ni huu. Baada ya matibabu alipewa chujio na maagizo: anywe maji mengi, akojoe kwenye chujio, kila kipande akitie kwenye chupa, aniletee baada ya wiki mbili. Aliniletea chupa imejaa robo nzima. Katika miaka yangu ishirini na sita ya kazi sijapata kuona mgonjwa mwenye bidii kama ile. Jiwe lenyewe lilikuwa na ukubwa wa harage, na vilivyokuwemo vilitosha jiwe hilo na chenji ikabaki. Nilivipeleka maabara kama kawaida, nikamruhusu. Kwamba kuna vipande vilivyobaki njiani ni jambo linalowapata wachache, na ndiyo maana kuna kamera.

Wewe huumwi na figo ya ndugu yako. Unaumwa na asubuhi ile niliyotoka nyumbani kwako na begi moja bila kugeuka nyuma. Umengoja miaka tisa upate fimbo, na sasa umeipata ndani ya mwili wa mdogo wako.

Njoo na bisibisi yako. Mlango wangu una skrubu nne, na zote zina kutu.

Daktari wa njia ya mkojo, bado mwenye leseni

*

Jumatano, 26 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unanikata kauli.

Juzi wamenifanyia. Walinichoma sindano ya mgongo, kuanzia kiunoni kushuka chini nikawa kama mfuko wa saruji, lakini macho wazi na masikio wazi. Daktari ni mama mmoja mfupi, mcheshi. Akaniambia, "Fundi, leo mimi ndiye fundi, wewe ndiye nyumba." Hakuna kisu. Kamera yake ni nyembamba kuliko kalamu, ikapita kwa njia ileile ya mkojo (usiniulize zaidi, wewe ni dada yangu), ikavuka kibofu, ikapanda kwenye mrija. Akanigeuzia kioo nione.

Dada, nimezibua mifereji mingi duniani, lakini sikuwahi kuuona wa kwangu. Ukuta wa waridi, laini, umelowa. Halafu ghafla kifusi! Vipande vya kahawia vimepangana kama matofali yaliyomwagwa na mtu mvivu. Yule mama akasema, "Kile kikubwa cha mbele ndicho mnyapara. Akianguka huyo, wengine hawana msimamo." Akakipiga kwa mwanga wa leza, cheche, cheche, kikapasuka. Vilivyofuata akavitoa kimoja kimoja kwa kikapu cha waya kidogo kuliko ukucha wa mtoto. Kazi safi. Ningemwajiri.

Akavitia kwenye chupa, akaniuliza, "Vile vya kwanza ulivyompelekea daktari wako vilikuwa na rangi hii?" Nikamwambia nimesahau.

Figo inafanya kazi nusu. Inaweza kuamka, inaweza isiamke.

Nimesikia unamshtaki shemeji. Dada, achana naye. Mimi niko hai. Yule mtu hakuniua.

Mdogo wako, Fundi

*

Ijumaa, 28 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Hakukuua! Kwa hiyo tumshukuru kwa lipi, kwamba alikuwa na haraka akakuacha nusu?

Nakujua. Ukigongwa na gari utamwomba dereva msamaha kwa kumchafulia taa. Upole wako umeishi kwa kuegemea ukali wangu tangu tulipozikwa na madeni ya baba na midomo ya majirani, na mimi sikulalamika. Basi usinilalamikie leo.

Wakili amenisaidia kuandaa kiapo chako, kimo ndani ya bahasha. Kina vifungu vitano. Cha nne ndicho uti wa mgongo: "Vipande vilivyotoka mwilini mwangu nilivikusanya kwa chujio nikamkabidhi daktari, naye kwa kuvitazama kwa macho tu alinitangaza mzima." Ukitia sahihi, nirudishie kwa basi la kwanza.

Dada yako

*

Jumanne, 1 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimesoma. Hicho kifungu cha nne hakiwezi kuondolewa? Au tuseme tu kwamba nilimpelekea chupa, bila maneno mengi?

Nimempigia wakili wako. Kasema bila cha nne kesi haina miguu, na kwamba wewe umeshamlipa.

Nimetia sahihi. Nimetia kwa sababu ni wewe.

Fundi

*

Jumatano, 16 Aprili

Bibi Pilipili,

Kamati iliomba faili la mgonjwa. Karani wangu akalifungua, na ndani yake akakuta majibu ya maabara ya ile chupa maarufu. Nakuambatishia nakala. Isome polepole, kama unavyotaka watu wakusome wewe:

"Kokoto iliyopondwa na mchanga wa ujenzi. Rangi ya kahawia imetokana na majani ya chai. Hakuna chembe yoyote itokayo katika mwili wa binadamu."

Nimecheka mpaka muuguzi akaja kuniangalia.

Shahidi wako ameapa mbele ya mwanasheria kwamba kokoto zilitoka mwilini mwake. Kiapo cha uongo ni jela, na mwanamke mwenye elimu aliyemwandalia uongo huo naye ana lake. Sitaki kumfunga Fundi. Nakutaka wewe. Nakupa siku kumi uondoe malalamiko yako, kisha uniombe radhi katika safu yako, ukurasa uleule, kwa herufi zilezile ulizozoea kuchomea watu. Usipofanya hivyo, karatasi hii itasomwa mbele ya kamati, na kutoka hapo itakwenda polisi.

Uliniambia siku moja kwamba mimi sijui kulipiza, najua kukimbia tu. Nimejifunza.

Daktari

*

Alhamisi, 17 Aprili

Mdogo wangu,

Ile chupa uliijaza nini? Nijibu kwa karatasi, na usinipige chenga.

Dada yako

*

Jumatatu, 21 Aprili

Dada,

Shikamoo, ingawa najua leo huitikii.

Niliijaza kokoto.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa tunajiandaa kumwaga zege la ghorofa ya tatu. Kontrakta akasema bila barua ya daktari sirudi, na msimamizi alikuwa na shemeji yake pembeni, mwiko mkononi, anangoja nafasi yangu. Wiki mbili nimekunywa maji mpaka tumbo linapiga mawimbi, nimekojolea chujio kama nilivyoagizwa, hakikutoka kitu. Hata punje. Nikafikiri, nikienda mikono mitupu wataniweka tena kwenye mtambo, mwezi mwingine, na kazi imekwenda. Sikujua kwamba kutotoka kitu ndiyo ugonjwa wenyewe. Mimi ukuta usiponitolea maji najua umekauka. Nilidhani nimekauka.

Halafu na aibu, Dada. Pale kwenye benchi kila mgonjwa alikuwa na chupa yake. Kuna babu mmoja aliitikisa ya kwake kila akipita muuguzi, anaringa nayo kama mchumba.

Basi asubuhi ya tarehe ishirini nikaponda kokoto kwa nyundo, nikaichekecha kwa chujio lilelile la hospitali, nikaona ni nyeupe mno. Nikachemsha chai vikombe viwili, kimoja nikanywa, kingine nikaichovya kokoto humo. Shemeji akaishika chupa, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Hongera, Fundi, hii ndiyo nidhamu." Akatia sahihi. Nilitaka kucheka, nikataka kulia, nikachukua barua nikaondoka.

Nilikuambia uache. Sikuwa na namna nyingine ya kukuambia.

Nifanye nini sasa? Ukisema niende jela nitakwenda, ila nisubiri nimalize dawa.

Fundi

*

Alhamisi, 24 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Ungekuwa mbele yangu ningekunasa kofi, halafu ningekukumbatia, halafu ningekunasa la pili. Hayo tutayamaliza tukionana.

Sasa tulia usome. Siku tatu sikula. Nilishaanza kuandika ile radhi anayoitaka, nimefika mstari wa pili, kalamu inanuka mkononi. Nikaichukua tena karatasi yake ya maabara, si kwa kutafuta kitu, ila kwa kujiumiza. Kule juu, pembeni, kuna tarehe. Ishirini na saba Februari. Na kule chini, kwenye kisanduku cha "Imepokelewa na kusomwa", kuna mchirizi. Naujua mchirizi ule, nililala nao kitanda kimoja miaka kumi na moja. Ni sahihi yake, tarehe ishirini na nane.

Wewe ulianguka tarehe kumi na moja Machi.

Hesabu. Siku kumi na moja mtu huyu alikuwa na karatasi mezani inayomwambia kwamba mgonjwa wake hajatoa hata chembe, kwamba jiwe lote alilolipasua bado limo ndani. Simu moja tu! "Fundi, njoo nikupige picha." Angeikuta figo ikiwa nzima. Aliisaini bila kuisoma, akaifungia faili, na juzi kanitumia kwa mkono wake mwenyewe bila kuisoma tena!

Kwa hiyo haturudi nyuma. Wakili anasema mtu akiufuta uongo wake mwenyewe kabla ya kusikilizwa, hawamfungi. Utaandika kiapo kipya. Utasimama mbele ya kamati useme kila kitu, kokoto, nyundo na chai. Najua ni aibu. Lakini ni chumba kimoja, watu saba, mlango umefungwa. Maneno yale yataishia mle ndani. Nakuapia kwa kaburi la mama.

Usikatae. Nimekuomba vitu vichache maishani.

Dada yako

*

Alhamisi, 24 Aprili

Daktari,

Siku zako kumi zimebaki mbili, nakurudishia. Sizihitaji.

Fundi atakuja kwenye kamati, na atasema mwenyewe kwamba alikudanganya kwa kokoto ya ujenzi iliyochovywa chai. Hatutaficha kitu. Mimi nitakuwa na swali moja tu kwako, na nakupa mapema ili usiseme nimekuvizia: mwongo wangu alikudanganya siku moja. Maabara ilikuambia ukweli wiki moja baadaye. Kwa nini uliendelea kumwamini mwongo?

Tazama chini ya karatasi uliyonitumia. Kulia. Nakusubiri uione.

Ulisema umejifunza kulipiza. Mwanafunzi mzuri husoma kwanza.

Mtalaka wako

*

Jumanne, 20 Mei

Dada,

Shikamoo.

Nimekaa wiki nzima sijakuandikia. Kwanza nikwambie ya kamati, kwa kuwa wewe walikutoa nje mapema ulipompigia mwenyekiti meza.

Nilisema yote. Hawakucheka, isipokuwa mmoja, akajifanya anakohoa. Kisha mwenyekiti akampa shemeji ile karatasi, akamuuliza kama sahihi ni yake. Shemeji akavaa miwani. Akaisoma muda mrefu, Dada, kama mtu anayesoma kwa mara ya kwanza, na nadhani ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Akasema, "Ni yangu." Hakujitetea tena. Miaka miwili hatagusa mgonjwa. Mlangoni nikamshika mkono nikamwomba radhi. Akaniambia, "Kunywa maji, Fundi," akaondoka kwa miguu, gari kaliacha.

Nilifikiri yameisha hapo.

Jumapili asubuhi nafika kazini, zege la ghorofa ya nne, nakuta msimamizi amebandika gazeti kwenye mlango wa stoo. Safu yako. Shemeji umemchoma, sawa, hilo ulimwahidi. Lakini mimi je? "Mdogo wangu, fundi mwashi, akaponda kokoto, akachemsha chai vikombe viwili." Hukutaja jina. Ulihitaji kutaja? Una wadogo waashi wangapi? Mafundi walikuwa wanaisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, na ile ya kikombe kimoja kunywa na kimoja kuchovya waliirudia mara tatu. Sasa naitwa Chai. Msimamizi akasema, kwa upole kabisa, kwamba mtu anayedanganya kuhusu kokoto ya mwilini mwake hawezi kuachiwa kupima kokoto ya nguzo. Shemeji yake ameshika mwiko wangu.

Uliapa kwa kaburi la mama.

Nimelifikiria sana neno moja la shemeji, ulilonisomea wewe mwenyewe kwa kumkejeli, kwamba umepata fimbo ndani ya mwili wa mdogo wako. Nilikasirika naye wakati ule, kwa ajili yako. Sasa sikasiriki naye.

Alhamisi naingia tena chumba cha upasuaji. Picha ya mwisho imeonyesha vipande viwili vimejificha juu, karibu na figo, na yule mama mfupi anataka kuvifuata na kamera kabla havijashuka. Amesema safari hii kuna hatari kidogo, kwa sababu figo ni dhaifu. Kwenye fomu kuna mahali pa ndugu wa kuitwa likitokea lolote. Miaka yote naandika wewe.

Nimemwandika jirani. Usije.

Fundi

*

Jumatano, 21 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi, uipate kabla hujalazwa.

Nimeandika radhi mara nne, nimechana mara nne, kwa sababu kila moja ilikuwa nzuri, na radhi nzuri ni makala. Nikuambie tu ukweli. Jumamosi mhariri alinipigia akasema safu imekaa vizuri lakini ile sehemu ya kokoto inaweza kukatwa, bila hiyo bado inauma. Nilikuwa na nafasi. Nilikukumbuka, nikamkumbuka mama. Nikamwambia aiache, kwa sababu bila kokoto yule mtu angeonekana mzembe tu, na mimi nilitaka aonekane mjinga.

Ningerudishiwa Jumamosi ile, sijui kama ningesema vingine. Nimejiuliza tangu jana, na jibu silipendi.

Kesho nitakuwa nje ya lango la hospitali, ng'ambo ya barabara, kuanzia saa moja. Sitaingia. Jirani akiulizwa chochote asichokijua, damu yako ni ya kundi gani, dawa gani inakuvimbisha, mama alikufa kwa nini, atoke anyooshe mkono. Nitaona.

Dada yako